Mrejesho: jina Trygve, ambalo shemeji yangu anataka kumpa mwanawe

Ndugu zangu, niliuliza asili na maana ya jina Trygve, kwa kuwa dada yangu ameolewa Norwei na mumewe anataka mtoto wao wa kiume arithi jina la babu yake. Nawashukuru wote mlionijibu, na haya ndiyo niliyothibitisha.

Jina hili limetokana na Tryggvi la Kinorse cha kale, yaani lugha ya kale ya Skandinavia, lenye maana ya mtu mwaminifu, wa kutegemewa. Waswidi huliandika Tryggve, na huko Aislandi lingali Tryggvi. Ni la zamani kweli, kwani mfalme Olav Tryggvason, aliyetawala Norwei kuanzia 995 hadi 1000, anatambulishwa kwa jina la baba yake.

Kuhusu umaarufu, miaka ya kuzaliwa ya Wanorwei watatu wanaojulikana inasema mengi: Trygve Lie, Katibu Mkuu wa kwanza wa Umoja wa Mataifa, alizaliwa 1896, Trygve Bratteli, aliyekuwa waziri mkuu, 1910, na Trygve Haavelmo, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi ya 1989, alizaliwa 1911. Ni jina la kizazi cha akina babu, na leo watoto wachache tu hupewa.

Mama alilalamika kwamba halitamkiki, na kwa kweli konsonanti zile zinachosha ulimi. Alipoelezwa maana yake, akasema huyo ni Amini wetu. Basi mtoto ataandikishwa Trygve Amini.