Cromer wiki ya kanivali: gari au treni?

Wadau, Agosti tunatoka London na watoto wawili kwenda Cromer, mji wa pwani huko Norfolk, Uingereza. Siku ya gwaride tufikeje?

— Treni. Kutoka stesheni ya Liverpool Street (London) hadi Norwich ni mwendo wa takriban saa 2, unabadilisha treni, kisha kama dakika 45 hadi Cromer. Gwaride huwa Jumatano na barabara za katikati hufungwa. Mwenye gari ataishia kuzunguka tu.

— Tazameni kwanza jedwali la maji kujaa na kupwa. Bamvua (siku za maji makuu) ikijaa, maji hugonga ukuta na mchanga wote hupotea, mkeka wenu nao. Masweta pia, upepo wa Bahari ya Kaskazini hauna kiangazi!

— Msikose kaa. Huuzwa ameshachemshwa, nyama imepangwa ndani ya gamba lake: nyeupe ya magando, ya kahawia ya mwilini. Hiyo ya kahawia ndiyo tamu.