Tupeane uzoefu: nini kilikurudisha kukaa mbele ya Ekaristi?

Mleta mada:
Tumsifu Yesu Kristo wadau. Mi niko Bagamoyo, hapa hapa walipofika mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, wageni wanatoka mbali kuja kupiga picha msalaba wa ufukweni, sie wenyeji tukishakomunika tu tunachomoka kabla wimbo haujaisha tuwahi boda. Nasema sie lakini wa kwanza mlangoni nilikuwa mimi. Sasa parokiani wakaanzisha kuabudu, yaani kukaa na kusali mbele ya Ekaristi, ule mkate wa Misa tunaoamini ni Mwili wa Kristo, kila Alhamisi saa 11 jioni, siku ya kwanza tulikuwa wanne, mi, katekista, bibi mmoja wa jumuiya yetu na mjukuu wake. Nusu saa ya mwanzo nilikuwa nahesabu mizunguko ya panga boi, sina la kusali. Yule bibi hana kitabu wala rozari, kakaa tu kama yuko barazani kwa shoga yake. Tulipotoka nikamuuliza, bibi unaongea nae nini saa nzima? Akanijibu, "Kwani we ukienda kwa mtu wako maneno yakiisha ndo unaaga?" Aisee. Toka siku hiyo naenda. Haya na nyie leteni ya kwenu.

Mdau wa Tanga:
Milele amina. Mi nilirudishwa na mwanangu. Yuko mafundisho ya Komunyo ya kwanza, siku moja tumetoka Misa, njia nzima kanyamaza, tunakaribia Ngamiani akaniuliza baba mbona wenzio wanapanga foleni ya Komunyo we unabaki kwenye benchi? Nilikosa jibu, maana mimi na mama yake miaka tisa hatujafunga ndoa kanisani, ndo maana nilikuwa sikomuniki, kisingizio mahari haijaisha, mara sherehe, mara ukumbi. Nikaanza kwenda kuabudu kwa sababu pale hamna foleni, hakuna anayekuangalia umeinuka au umebaki. Miezi kama minne hivi, kisha nikaenda mwenyewe kwa paroko. Tulifunga ndoa Misa ya asubuhi, bila ukumbi, chai na maandazi nyumbani. Mkwe mahari bado anadai mpaka leo hehe.

Mdau mwingine, Bagamoyo:
Mi ni maandamano ya sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Sikukuu ya toka 1264 enzi za Papa Urbano wa IV, sie tunaigeuza ya selfi. Tunapita Dunda, mzee muuza kahawa, mwislamu, akazima redio akasimama mpaka tukaisha. Nyuma yangu mwanakwaya yuko kwenye simu anaulizia vitenge. Niliona aibu jamani.

Mdau wa kigangoni:
Nyie mnalalamika feni. Huku kwetu kigangoni, kanisa dogo la mbali na parokia, Padri anakuja mara moja kwa mwezi, mvua ikikata barabara basi ndo mpaka mwezi ujao, Jumapili nyingine ni katekista na ibada ya neno. Siku ya Misa watu wanatembea masaa mawili na hakuna anayetoka kabla ya baraka.

Mleta mada:
Mdau wa kigangoni hapo umenimaliza, sina cha kujibu. Ngoja nimpigie boda, bibi wiki hii miguu inamsumbua na kesho ni Alhamisi.