Signal na programu wenzake za meseji: kwa nini bado wanadai namba ya simu?

Mleta mada (Dar)

Wakuu, heshima mbele.

Wiki jana niliingizwa kwenye grupu la kamati ya harusi, watu mia na ushee, nusu yao siwajui. Jioni napigiwa na namba ngeni, mtu ananiita kwa jina langu la tatu. Jina hilo hata kazini hawalijui, liko kwenye kitambulisho cha NIDA tu. Kumuuliza kalitoa wapi, akacheka: "Nimechukua namba yako kwenye grupu, nikafanya kama nakutumia buku kwa simu, jina likatokea, nikasitisha." Sekunde kumi hazikufika.

Ndiyo hali yetu tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uanze 2019. Ukitoa namba umetoa jina lako kamili. Sasa mtu ananiambia programu fulani ni salama, meseji zinafungwa kwa usimbaji fiche, hata kampuni yenyewe haizisomi. Sawa, lakini mlangoni waliniomba nini? WhatsApp namba, Telegram namba, Signal namba. Februari 2024 Signal wakaleta jina la mtumiaji, kwa hiyo unaweza kuchati na mtu asiione namba yako. Ila kujisajili bila namba bado haiwezekani.

Na wapo wasioihitaji. Threema ya Uswisi inakupa kitambulisho cha herufi na tarakimu 8, basi. Session nayo haikuulizi namba. Msimamo wangu: sharti hili lifutwe. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji (Mwanza)

Mkuu, unachanganya mafaili. Kilichokuanika ni mfumo wa kutuma pesa, programu ya meseji haihusiki. Na hilo jina kutokea limetuokoa wengi. Mimi mwenyewe niliwahi kukosea tarakimu moja nikitaka kutuma ada ya mtoto.

Halafu fikiria namba ikiondolewa. Hawa wa "ile hela tuma kwenye namba hii" watafungua akaunti mia kabla ya chai. Laini angalau inanunuliwa, ina gharama. Na mama yangu je? Leo akifungua programu anawakuta wote aliowahifadhi, dada zake, mjumbe, muuza maziwa. Mpe kitambulisho cha herufi nane uone kama hatarudi kwenye kupiga simu tu.

Mchangiaji (Dodoma)

Mkuu wa Mwanza, hao matapeli unaowataja wote wana laini zilizosajiliwa. Zimesajiliwa kwa majina ya watu wengine. Bibi yangu nilimpigia *106# kwenye kitochi chake, kuangalia laini zilizosajiliwa kwa jina lake, tukakuta tatu asizozijua. Hapo usajili umemzuia nani?

Mchangiaji (Mombasa)

Jameni, pande zote mbili mna haki kidogo. Msidhani Signal wanaipenda hii nambari. Mwaka 2023 walieleza kwamba SMS za kuthibitisha usajili zinawala takriban dola milioni 6 kwa mwaka, na hilo ni shirika linaloishi kwa michango. Wanalipa kwa sababu bila kizuizi hicho meseji za takataka zingejaa.

Mnaoogopa serikali, kumbukeni 2021. Mahakama ya California ilipodai taarifa za watumiaji, Signal walikuwa na vitu viwili tu vya kutoa: siku akaunti ilipofunguliwa na siku ilipounganishwa mara ya mwisho. Hawana orodha ya marafiki zako wala magrupu yako.

Lakini Agosti 2022 Twilio, kampuni iliyokuwa ikiwatumia hizo SMS, ilidukuliwa. Nambari za watumiaji wapatao 1,900 zikawa hatarini. Mdukuzi alitafuta tatu mahususi, na akaunti moja ikasajiliwa upya kwenye simu nyingine. Meseji za zamani hakuzipata, kwa kuwa zinakaa kwenye simu ya mwenyewe. Ila unaona tatizo: kufuli ni la chuma, ufunguo wa akiba umeachwa kwa jirani. Wekeni PIN na muwashe kufuli la usajili, ili akaunti isisajiliwe kwenye simu nyingine bila PIN hiyo.

Mleta mada

Ndugu wa Mombasa umenishusha kidogo, nakubali. La bibi wa Dodoma pia nimelielewa.

Ngoja niibane hoja. Mahakama ya California hainihusu. Ninayemfikiria ni karani aliyeona hati ya wizi ofisini akamtumia mwandishi wa habari. Simu ya mwandishi ikichukuliwa na ikafunguka, namba iliyomo ni jina la karani, mpaka la babu yake. Mtu huyu kuwa na mlango usiodai namba ni haki yake, hata kama mama wa Mwanza atabaki na mlango wake wa kawaida. Kwa nini isiwe hiari?

Na mliokwisha kuweka jina la mtumiaji, ingieni kwenye mipangilio. Kuna sehemu mbili tofauti. Ya nani anaona namba yako, ukiikuta ilivyokuja, ni "hakuna". Ya nani anaweza kukutafuta kwa namba ilikuja ikiwa "kila mtu". Mimi niligundua jana usiku, baada ya miezi ya kutembea kifua mbele.

Yule wa grupu, kumbe ni mweka hazina wa kamati. Ahadi yangu ya laki anaidai sasa kwa majina yote matatu.