Tudai wiki zaidi za likizo ya uzazi, au tuanze na nani anayelipa?

Swali

Habari zenu, ndugu zangu. Nimepewa kazi ya kuandika madai ya chama chetu cha wafanyakazi kuhusu likizo ya uzazi. Wenzangu wengi wanataka tudai wiki zaidi, basi. Mimi nina hofu kwamba mwajiri akiongezewa wiki za kulipa kutoka mfukoni mwake, ataanza kuwakwepa wanawake vijana wakati wa usaili. Naomba mnieleweshe sera hizi zimekuaje kwingineko.

Jibu la kwanza

Hofu yako ina msingi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1919 ulioweka wiki 12 ulitaka malipo yatoke katika fedha za umma au bima, na ule wa mwaka 2000, uliofikisha wiki 14, ukakazia kwamba mwajiri mmoja mmoja kwa kawaida asibebeshwe gharama hiyo moja kwa moja. Sababu ni hiyo hiyo uliyoitaja: mzigo ukigawanywa kwa michango ya wote, wenye watoto na wasio nao, wanaume na wanawake, mwajiri hana anachookoa kwa kumnyima kazi mwanamke. Ningeanza madai yenu hapo, kabla ya kutaja hata wiki moja.

Jibu la pili

Naongezea suala la akina baba. Mwaka 1974 Uswidi iliondoa likizo ya mama peke yake na kuweka likizo ya wazazi wote wawili, waigawane wapendavyo. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ilichukuliwa na akina mama, kwa kuwa baba aliruhusiwa kumwachia mwenzake siku zake, na kazini alitazamiwa afanye hivyo. Norwei ilitenga wiki 4 za baba mwaka 1993, Uswidi ikafuata kwa mwezi mmoja mwaka 1995, kwa sharti kwamba asipozitumia zinapotea. Ndipo akina baba wakaanza kuonekana nyumbani. Kwa hiyo andikeni waziwazi kwamba siku za baba hazihamishiki, na malipo yake yakaribie mshahara, maana familia haitamwacha anayepata zaidi akae nyumbani kwa posho ndogo.

Jibu la tatu

Dada, mimi nakuomba usisahau siku ya kurudi kazini. Likizo yangu iliisha mtoto akiwa na miezi mitatu, na kituo cha kulelea watoto kilichokuwa karibu kilipokea wa kuanzia mwaka mmoja. Miezi hiyo tisa katikati haikuwa kwenye sera yoyote. Nilikuwa nikikamua maziwa katika stoo ya karatasi, nimeegemeza mgongo mlangoni kwa sababu haukuwa na kitasa, na chupa naificha nyuma ya maboksi hadi jioni. Nilivumilia wiki sita, nikaacha kazi. Likizo na malezi vikipangwa na wizara mbili zisizozungumza, pengo hilo litabaki hata mkipata wiki 20.

Muuliza swali

Nawashukuru sana. Dada yangu wa jibu la tatu, pole kwa yaliyokupata. Nitaweka kifungu kwamba likizo isiishe kabla ya umri ambao mtoto ana haki ya nafasi kituoni, pamoja na mapumziko ya kunyonyesha yanayolipwa na chumba chenye mlango unaofungika.