Mtoto kakatazwa ngano, nasi twala sinia moja. Nifanyeje?

Bint Kibokoni
Asalaam aleikum wapendwa. Mwanangu wa miaka 9 amepatikana na siliaki, ugonjwa wa utumbo usiopatana na ngano, baada ya mwaka mzima wa tumbo kufura, kuharisha na damu kupungua. Daktari kasema ngano, shayiri na nafaka ya rai basi, maisha yake yote, hata chembe. Kumpikia si shida. Shida ni kuwa sisi twala sinia moja, watu saba, kwa mkono. Nikimtengea sahani pembeni yuwalia. Juzi nilipika wali wa nazi na mchuzi wa samaki, hakuna ngano hata kidogo, lakini babake alikuwa na chapati yake. Akimega, akichovya, chembe zaangukia mchuzini. Usiku mtoto kaamka na tumbo. Mavyaa naye: "Kidogo hakimdhuru, mbona sisi tumekulia mahamri?" Nataka chajio ambacho sote twala, asionekane yuwala cha mgonjwa.

Shoga wa Tudor
Pole shoga. Hesabu tuvipikavyo: wali wa nazi, pilau, samaki wa kupaka, mbaazi, muhogo wa nazi, sima ya mahindi. Vyote havina ngano. Chapati ndiyo mgeni hapo, mtoe! Badala yake pika vibibi visivyo na sukari. Roweka vikombe viwili vya mchele usiku, usage kwa blenda na tui mpaka ulainike kabisa, utie kijiko cha chai cha hamira na chumvi, uwache uumuke. Mimina kwenye kikaango, funika, usigeuze. Vyafyonza mchuzi kuliko chapati, wallahi.

Mla Pwani
Kuweni macho na vilivyojificha. Mvuje wa kopo, kile kiungo cha harufu kali, mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano. Soya sosi nyingi zina ngano. Bokoboko ni ngano yenyewe, usije ukasahau kwa kuwa yafanana na uji. Bhajia za dengu ni salama ukikaanga mwenyewe, za barabarani sijui unga gani umo, na mafuta yaweza kuwa yalishakaanga mahamri. Na unga wa mchele usisagishe kwenye kinu kinachosaga ngano pia. Saga nyumbani.

Nesi wa Likoni
Ngoja kidogo kabla ya kufukuza ngano nyumba nzima. Nduguze wamepimwa? Ugonjwa huu hurithiwa, na kwa ndugu wa karibu uwezekano ni kama mmoja kati ya kumi. Kipimo cha damu kinataka mtu awe yuwala ngano kama kawaida, la sivyo majibu yaweza kudanganya. Wapimeni kwanza, nawe na babake pia. Kwa sasa ngano iliwe mchana, mbali na sinia, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Baba Watatu
Mavyaa usibishane naye, mpe kazi. Muombe akupikie mkate wa kumimina, ule wa mchele na tui, makaa juu na chini. Hakuna ngano mle, na akishausifia mbele ya wageni ni wake, hataiingiza chapati. Mamangu nilimpata hivyo hivyo, kwa jambo jingine lakini.

Bint Kibokoni
Wanangu wengine tutawapeleka kupimwa wiki hii, hilo sikulijua. Vibibi nimejaribu leo. Cha kwanza kimeganda kwenye kikaango, nikakikwangua kwa kijiko. Swali: kikaango chenyewe ndicho cha chapati cha miaka yote, nimekisugua sana, chafaa?

Shoga wa Tudor
Hicho cha chuma kilichonyonya mafuta ya chapati? La, nunua kipya, ukitie alama, mtu asikiguse. Na cha kwanza huwa cha paka, usijali. Mavyaa kasemaje?

Bint Kibokoni
Kala vinne. Kasema havina sukari.