Adui gani alipungua zaidi baada ya kuungana na wengine: Bane, Loki, Vegeta au Cassius?

Msomaji wa Nyegezi (mwanzisha mada)

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninaomba tulinganishe jambo ambalo halijanitoka kichwani tangu Jumapili, nilipokuwa nikitazama filamu na wadogo zangu hapa nyumbani. Ilikuwa ile filamu ya Batman ya mwaka 1997, na kitinda mimba wetu, ambaye ana miaka 11, alipomwona Bane akamnyooshea kidole na kuuliza, "Kaka, huyu ni mlinzi wa yule mama wa mimea?" Nilinyamaza kwa muda, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Wale tuliokulia katika vibanda vya video vya Kirumba, hapa Mwanza, tunakumbuka kwamba kila filamu ilikuwa na watu wawili tu, stelingi na adui, na adui tulimpima kwa kigezo kimoja: je, akiingia, kibanda kinanyamaza? Bane wa vitabu vya katuni vya mwaka 1993 angekinyamazisha kibanda chochote. Anawafungulia wafungwa wote wa Arkham, gereza la wahalifu wenye wazimu, anakaa pembeni akimwacha Batman awafukuze mmoja baada ya mwingine hadi mwili unamchoka, kisha anamngojea nyumbani kwa Batman mwenyewe na kumvunja mgongo. Miaka minne baadaye, kwenye filamu, mtu huyohuyo ni mtumishi wa Poison Ivy. Anaguna, anatii, na mwishoni Robin na Batgirl, wasaidizi wa Batman, wanammaliza kwa kuchomoa mirija inayompelekea dawa ya nguvu.

Swali langu ni hili: katika maadui wote wa hadithi mnaowafahamu, ni yupi aliyepungua zaidi baada ya kuingia ushirika? Mimi ninamtaja Bane, na ninadhani sababu ni kwamba tishio likigawanywa kwa watu wawili, kila mmoja hupata nusu.

Kijana wa Mabatini

Kaka, ninakuheshimu, lakini Bane wa mwaka 1997 aliharibiwa na filamu moja tu, na ukitaka unaweza kuisahau. Aliyepungua mbele ya macho yetu, hatua kwa hatua, ni Vegeta wa Dragon Ball, ile katuni ya Kijapani. Alipokanyaga dunia kwa mara ya kwanza, mashujaa wengi wakiwa wamekwisha kufa, ilibidi stelingi Goku na wenzake Gohan, Krillin na Yajirobe wote washiriki ndipo afukuzwe akiwa hai. Kule kwenye sayari ya Namek analazimika kusimama upande mmoja na Krillin na Gohan kwa sababu Frieza, adui mkubwa zaidi, anawatisha wote, na kuanzia hapo kazi yake inabadilika. Anakuwa kama jiwe la mizani: kila adui mpya akija, kwanza anampiga Vegeta ili sisi watazamaji tujue uzito wake. Frieza alimpiga, Android 18 akamvunja mkono, na Cell alipokamilika naye akampiga.

Ninakiri kwamba kama binadamu alikua na kuwa mtu wa kupendeza, hata ninampenda kuliko Goku. Hofu, hata hivyo, ilikwisha, na mada yako inauliza kuhusu hofu.

Dada wa Pasiansi

Ninaona mmechanganya mambo mawili ambayo ni vizuri yatenganishwe. Kuna adui anayehamia upande wa stelingi, kama Vegeta, ambaye kupungua kwake ni sehemu ya safari yake na mwandishi anajua anachokifanya. Kuna pia adui anayeungana na waovu wenzake ili aongeze nguvu, kisha nguvu hiyohiyo ikamdhalilisha. Hili la pili ndilo linalostahili kulinganishwa, na mfano wake bora ni Loki.

Katika filamu ya kwanza ya Thor, mwaka 2011, Loki hana mtu. Anamdanganya kaka yake, anamdanganya baba yake, anawadanganya hata majitu wa barafu aliowaingiza kwa siri, na hakuna anayejua anataka nini hasa. Mwaka uliofuata, katika The Avengers, anarudi na jeshi zima, lakini jeshi ni la kuazima na fimbo yake ni ya kuazima. Angalieni sura yake pale mjumbe wa Thanos, yule aliyemwazima jeshi, anapomkumbusha kitakachompata akishindwa. Mimi ninaweka hesabu za kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na sura hiyo ninaifahamu: ni ya mtu anayedaiwa, anayeongea kwa sauti kubwa mbele za watu na kushusha macho mdai anapopita. Mwaka 2018 mdai alikuja kuchukua chake, na Loki alikufa kabla filamu haijaanza vizuri.

Kwa hiyo, ndugu mwanzisha mada, sikubaliani na hoja yako ya nusu kwa nusu. Loki hakugawana tishio na mtu yeyote. Alilikopa.

Mwalimu wa Misungwi

Nimesoma michango yenu kwa furaha, na ninaomba kumleta mtu asiyetoka kwenye filamu. Ni Cassius, katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama ng'ambo ya ziwa letu, aliitafsiri kwa Kiswahili na kuichapisha mwaka 1963, kisha akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Nimeisomesha kwa miaka mingi, na kila mwaka wanafunzi hugundua jambo lilelile bila mimi kuwadokeza: mwanzoni wanamwogopa Cassius, na mwishoni wanamhurumia.

Mwanzoni anatisha kweli. Kaizari mwenyewe, ambaye hamwogopi mtu, anamtazama na kusema kwamba mtu huyu mwembamba mwenye njaa usoni anafikiri kupita kiasi. Usiku wa radi na dhoruba, wengine wakijificha, yeye anatembea kifua wazi. Anaandika barua za uongo kwa miandiko tofauti ili zitupwe dirishani kwa Brutus, rafiki wa Kaizari anayeheshimiwa na wote. Kila uzi wa njama ya kumwua Kaizari unapita katika vidole vyake.

Kisha Brutus anajiunga, kwa sababu Cassius anahitaji jina lake jema, na kuanzia usiku huo Cassius hashindi hoja hata moja iliyo nzito. Anataka Antony, mwandani wa Kaizari, auawe pamoja naye. Brutus anakataa, naye anakubali. Anaonya kwamba Antony asiruhusiwe kuhutubia mazishini, Brutus anamruhusu. Vitani anashauri wakae mahali walipo, adui achoke kwa kuwafuata. Brutus anasema twende Filipi, na wanakwenda. Mara zote tatu Cassius ndiye aliyeona sawasawa, na mara zote tatu alinyamaza kwa ajili ya ushirika. Anakufa siku ya kuzaliwa kwake, akidhani rafiki yake Titinius ametekwa wakati kumbe amepokewa kwa shangwe, na anamwamuru mtumwa wake Pindarus amchome kwa upanga uleule uliomchoma Kaizari.

Kwa hiyo dada yetu wa Pasiansi amekaribia sana, lakini mimi nisingesema deni. Adui hupungua pale anapomkabidhi mwenziwe uamuzi. Idadi ya wenzake haina shida. Bane wa mwaka 1993 aliwatumia wafungwa wa gereza zima na hakupungua hata kidogo, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyemwuliza la kufanya.

Mpenda Hadithi wa Igoma

Mwalimu, shikamoo. Je, Cassius ni adui kweli? Wapo watakaosema kwamba alikuwa akipigania uhuru wa Roma.

Mwalimu wa Misungwi

Marahaba, mwanangu. Ni swali la haki. Ninamwita adui kwa kipimo cha kile kibanda cha Kirumba: akiingia, watu wananyamaza. Kuhusu nia yake, someni wenyewe mazungumzo yake ya kwanza na Brutus, mhesabu ni mara ngapi anazungumzia Roma na ni mara ngapi anazungumzia wivu wake.

Kijana wa Mabatini

Mwalimu, hoja yako ya uamuzi imenirudisha kwa Vegeta kwa njia ambayo sikuitazamia. Nilisahau kwamba alipokuja duniani hakuwa peke yake. Alikuja na Nappa, jitu kubwa kuliko yeye. Nappa alipovunjwa mgongo na Goku, akanyoosha mkono kuomba msaada, Vegeta aliushika mkono ule, akamrusha juu na kumwua mwenyewe. Nilikuwa mdogo, na niliona ubaridi mgongoni. Alikuwa na mwenzake na bado alitisha, maana aliyeamua alikuwa yeye. Ninaondoa hoja yangu ya kwamba ushirika peke yake ndio uliomharibu.

Mzaliwa wa Magu

Ninaongeza dogo. Bibi yetu alitusimulia habari za Shing'weng'we, lile zimwi la Wasukuma lililomeza watu wote pamoja na mifugo yao, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye lundo la makapi. Mtoto wake, Masala Kulangwa, alikuwa akirudi nyumbani na panzi mkononi, akiuliza, "Mama, huyu ndiye Shing'weng'we?" Mama anasema hapana. Analeta kiumbe kingine kikubwa zaidi, mama anasema hapana. Zimwi halionekani wala halisemi, na halina mshirika wa kutueleza linawaza nini, lakini kila mnyama anayeletwa analiongezea ukubwa. Ninajaribu kuwaza bibi angesimuliaje kama lingekuwa na msaidizi, na ninaona tungelala mapema.

Msomaji wa Nyegezi (mwanzisha mada)

Nimeshindwa, na ninakiri kwa moyo mweupe. Bane mwenyewe ananishuhudia vibaya. Katika filamu ya mwaka 2012 anamvunja Batman mgongo kwa mara nyingine, sauti yake peke yake inatosha kukunyima usingizi, halafu dakika za mwisho tunaambiwa kwamba mwanamke aitwaye Talia ndiye aliyekuwa kiini cha mpango wote na Bane alikuwa mlinzi wake. Muda mfupi baadaye anapigwa risasi ya mzinga na filamu inaendelea bila kugeuka kumtazama. Kumbe mdogo wangu alikuwa ameona filamu mbili kwa swali moja.

Ninahamisha kura yangu kwa Cassius. Mwalimu, kama bado una nakala ya Juliasi Kaizari, ninaomba nipite Misungwi Jumamosi niiazime.

Mwalimu wa Misungwi

Karibu sana, njoo na huyo mdogo wako. Nakala yangu imechanika pale Brutus na Cassius wanapogombana hemani kuhusu fedha, lakini kurasa hizo ninazikumbuka kwa moyo, nitawasomea.