Naomba ushauri: nina siku moja tu, nimpeleke mzee Manchester au York?

Habari zenu wadau, mzee wangu anatua Uingereza mwezi ujao kutoka Mombasa na ni mpenzi wa treni wa kufa mtu, maana babu alikuwa dereva wa zile Garratt za klasi 59, injini kubwa za mvuke za reli ya Afrika Mashariki. Zilikuwa 34, zimeundwa na kiwanda cha Beyer Peacock pale Gorton, Manchester, 1955 na 1956, kila moja ina tani 252 na imepewa jina la mlima wa kwetu. Nyumbani tuna picha moja tu, babu kashika vyuma vya ngazi, ovaroli imejaa oili mpaka magotini, na mzee huifuta vumbi kila Ijumaa.

Sasa kiwanda kilifungwa 1966 ila kumbukumbu zake zipo makumbusho ya sayansi na viwanda Manchester, na makumbusho yenyewe iko kwenye stesheni ya Liverpool Road ya 1830, kongwe kweli. Lakini York, kwenye makumbusho ya reli, kuna Mallard, ile injini ya mvuke iliyokimbia maili 126 kwa saa mwaka 1938 na hakuna iliyoivunja hadi leo, na kuingia ni bure.

Roho yangu iko Manchester. Kuna aliyewahi kuomba kuonyeshwa michoro ya kiwanda, unaandika mapema kiasi gani? Halafu mzee magoti yanamsumbua, wapi hakuna kutembea sana? Nisaidieni jamani, tiketi zinapanda bei kila siku.